Gita Ulilolifanyia Haraka

Mume wangu, Baba Deo,

Nikwambie ukweli kabla sijakusalimia: gita lako la mwisho kulitengeneza linalia lenyewe ukutani. Hakuna aliyeligusa. Tangu upepo wa kiangazi uanze huku juu, kila mchana jua likikolea kwenye bati nasikia "ka!" moja, halafu kimya. Nakaa na ungo mapajani nasubiri ya pili. Haiji. Kesho yake inakuja.

Anayeandika ni jirani yetu Mama Festo, maana kalamu mimi sikufundishwa kushika. Nimemwambia asinipambie maneno. Na watu wa mtaani wamekwisha kuanza, unawajua. Mmoja kaniuliza kwa sauti ya chini kama nimekwenda kwa mtaalamu kuuliza nani analipiga. Nikamwambia, "Niulize nini? Ubao ulikuwa mbichi, basi. Kaa hapo upepete ulezi."

Unalikumbuka jiko langu? Wanawake wenzangu juu ya moto walitundika mahindi ya mbegu. Mimi nilitundika mahindi ya mbegu na mbao zako. Mninga wa mgongo na mbavu za gita, paini ya uso, zote zikila moshi wangu. Ubao ulikaa huko mpaka mtoto aliyezaliwa siku ulipopandishwa anaanza kutumwa chumvi dukani. Unaushusha, unaugonga kwa kidole, unaweka sikio. "Mama Deo, njoo usikie." Nami nakujibu, "Nasikia njaa." Unacheka, unaurudisha juu. "Huu bado umelala," unasema.

Hukuwahi kuukatiza ubao usingizi. Hata yule padri mgeni, aliyekufundisha kupiga kwa vidole vyote, bila kuimba, watu wametulia kama wapo misani, alilisubiri gita lake mpaka akakaribia kurudi kwao. Ukamwambia, "Padri, hata Mungu hakumaliza siku moja." Nilikupenda siku ile, ingawa nilikwambia una mdomo mchafu.

Halafu yakaja masika yale ya kikohozi chako. Salome, mjukuu wetu, alikuwa ameumaliza ule wimbo mrefu uliomfundisha kwenye gita bovu la nyuzi za kuungaunga. Nimetoka kuchota maji nakukuta umepanda kigoda, unahema, mkono juu kwenye moshi.

"Baba Deo, huo una maji. Hata mimi nisiye fundi naunusa."

"Nimekwisha kuugonga."

"Ubao umesema nini?"

"Umesema bado."

"Sasa?"

"Sasa mimi nitausubiria wapi?"

Nikakushikia kigoda ushuke.

Ulilimaliza ukiwa umeegemea mto. Salome akakupigia, nawe umeweka kiganja kwenye ubavu wa gita kama mtu anayetafuta moyo wa mgonjwa. Mvua haikuisha, wewe ukaisha.

Sasa sikiliza. Walimu wa chuo cha muziki wanakuja mjini kusikiliza vijana, na watamchukua mmoja. Mmoja tu, Baba Deo. Mtoto amemaliza shule, anashinda nami shambani, vidole vinaota sugu za jembe juu ya sugu za nyuzi. Akikosa hapa, sioni mlango mwingine.

Nikampeleka duka la magita la Majengo achague lingine. Kijana wa dukani akaniamkia vizuri, akaleta jekundu. "Bibi, hili linang'aa mpaka unajiona."

"Sufuria yangu nayo inang'aa," nikamwambia. "Lete linaloimba."

Ungemwona Salome! Alilisimamisha, akafumba jicho moja, akaitazama shingo kuanzia chini kama imenyooka. Akapiga kila uzi, kila kituo, polepole, mpaka yule kijana akaacha kuchezea simu. La tatu lilikuwa zuri. Hata mimi nililisikia. Akalirudisha. "Zuri, bibi. Ila tutazoeana lini?"

Juzi nikauona ufa. Mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye kile kijiti nyuzi zinapofungwa, unaelekea tundu la katikati. Nikamwita. "Mke mwenzangu, hebu njoo. Babu yako alifanya haraka na gita hili. Alijua."

Hakushtuka. "Najua, bibi. Wiki iliyopita ulikuwa mfupi."

Kumbe mtoto anaupima!

Amelegeza nyuzi zote, anapiga kwa sauti ya chini zaidi, ati ubao usivutwe sana. Ameweka beseni la maji chini yake ili hewa ya chumba isikauke. Kila asubuhi naongeza maji. Yanapungua, upepo haupungui. Jana amefika katikati ya wimbo, pale panapohitaji nguvu, akasimama ghafla, akaweka sikio kwenye ubao. Ulivyokuwa unaweka wewe. Sura yako kabisa, na hofu ambayo wewe hukuwa nayo. Nikatoka nje nikajifanya nafukuza kuku.

Nimekukasirikia, mume wangu, sikufichi. Ulitaka kumsikia mara moja ukamwachia mtoto mzigo huu. Kisha namsikia akipiga, ile sauti nzito yenye joto isiyokuwepo dukani, nami hasira inaniponyoka. Lingekuwa limekauka sawasawa, lingeimba hivi? Hukuniachia wa kumuuliza.

Kesho anapiga. Asubuhi hii ufa umefika tundu. Nimemwambia bado tunaweza kurudi Majengo, akatikisa kichwa, akaendelea kukata kucha za mkono wa kushoto. Sitamlazimisha. Wewe ulichagua, naye amechagua, na mimi ndiye niliyebaki na macho.

Nitakaa kiti cha mbele, nimevaa kitenge kile cha kukuzika. Likipasuka mbele ya wale walimu, nitasimama mimi kwanza nikutukane kwa sauti, kwa jina lako lote, ukumbi mzima unigeukie. Wacha waseme bibi kizee amechanganyikiwa. Wakinitazama mimi, mtoto atapata nafasi ya kufuta uso.

Pumzika huko uliko. Huku hakuna anayepumzika.

Mkeo unayemjua mdomo,
Mama Deo