Nilipiga Magoti Nikapotea Kwenye Kioo

Shikamoo mama,

Usininunie kwa kukaa kimya; Neema anaota meno, silali. Huku Sumbawanga baridi ni kali. Jana nilifanyiwa usaili kwenye kompyuta, kwa video, wa nafasi ya kufundisha wanawake wa huko Mtowisa kutumia simu janja. Alipotokea kwenye kioo mzee mmoja wa kunisaili nikapiga magoti kumsalimia, nikapotea kabisa. Akaita, "Mama, uko wapi?" Nikamjibu kutoka sakafuni, "Nakusalimia, baba. Na wenzangu wa Mtowisa wakipiga magoti watapotea hivihivi, kwa hiyo simu tutaiweka chini." Akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

Nafasi nimeipata, mama! Nitumie blanketi la Neema, mchele kidogo, na kitenge kigumu cha kumbebea, maana nimewaambia nitafundisha naye mgongoni.