Mashine Ilimwona Pius

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
10 Machi 1980

Ndugu yangu Seifu,

Jumanne iliyopita, tarehe 4, saa tatu na dakika arobaini na tano asubuhi, mdogo wangu Pius alizamia kwenye kisima chenu cha gesi huko baharini, hakurudi. Ndivyo isemavyo telegramu ya kampuni. Afya yako naiuliza kwa sababu nililelewa kwa adabu, yangu usiulize.

Mlikuwa mkishusha wazamiaji wawili wawili. Ilipokuja mashine ya kuzamia bila mtu, wa pili akaondolewa. Wewe ndiye unayeiendesha ukiwa melini. Ilimwona? Wazee wetu kijijini Uru wanasema asipopatikana tuzike mgomba mahali pake. Mgomba ukishazikwa, mwili haupokelewi tena.

Dada yako,
Josepha

Melini
17 Machi 1980

Shikamoo dada Josepha,

Mwili wangu mzima. Barua imekuja na boti ya chakula.

Ilimwona. Saa nne na dakika ishirini alitokea kwenye kioo kinacholeta picha za mashine, mguu umenaswa na kamba. Mkono juu, unapunga, kama alivyonipungia pale Feri nikichelewa: “Wee Seifu, miguu umeazima?” Mhandisi akasema ni mkondo wa maji. Mashine ina jicho, dada, haina mkono. Nikaamriwa kuipandisha. Wa kumfuata hakuwepo. Bahari ikachafuka; kesho yake hata kamba hatukuiona.

Sasa nikiwasha kioo, mashine ikiwa bado juu ya sitaha, namwona anapunga. Sadalla mpishi anasema huwa naitikia.

Zikeni mgomba, dada.

Mdogo wako,
Seifu

Kariakoo
24 Machi 1980

Mdogo wangu Seifu,

Marahaba. Mama hajambo kidogo, anakunywa uji. Barua yako nimeisoma mara nne, wateja wamesimama dukani. Tangu hapo mteja akiinua mkono kuuliza bei, nageuka.

Shule niliishia darasa la nne, lakini hesabu ndiyo iliyonitoa kwenye kapu la ndizi hadi duka hili. Pius aliniambia mwenyewe: hewa ya chupa zake ni dakika arobaini. Toka saa tatu na arobaini na tano hadi nne na ishirini ni dakika thelathini na tano. Mhandisi wako naye anajua kutoa.

Aliyoyasema yeye sitaki. Umekulia Feri; mkono unaosukumwa na maji na mkono unaoita unaijua. Siwezi kuzika mgomba juu ya mtu aliyeita.

Wazee wanachimba Jumamosi baada ya Pasaka, tarehe 12 Aprili. Tumia redio ya meli, telegramu inifikie kabla ya saa sita mchana siku hiyo. Alikuwa hai? Ndiyo au hapana.

Dada yake,
Josepha