Tonge la Baba Lilitaka Kwenda kwa Wakwe Zako

Nyumba ya Baba,
Kumbakonam, Tamil Nadu.
20 Oktoba 2023

Mpendwa Kaka Sundaresan,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Perth, wewe, wifi Revathi na Mithila, na kwamba kile kikohozi cha mtoto kimeisha. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua tangu turudi safarini, lakini anakula vizuri. Mimi pia ni mzima wa mwili, ila nina hasira, tena nakuambia mapema ili usije ukasema nimekuvizia. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu unajua kukata.

Kaka, wewe ndiye uliyewasha moto wa kuuchoma mwili wa Baba. Miaka miwili iliyopita ulisimama mbele ya majivu yake, ukamwahidi Mama kwamba utampeleka kuhiji Gaya, umtolee Baba matonge ya wafu kwa mkono wako, roho yake ishibe ipumzike. Mwaka jana ukasema kazi. Mwaka huu ukasema kazi. Muda wote huo Mama alikuwa akimwota Baba amesimama kwenye mlango wa jikoni anaomba maji, na kila alipoamka aliniuliza kama umeshakata tikiti. Nimechoka kukusemea uongo.

Basi tukaenda bila wewe, Mama, mimi na Mjomba Vaidyanathan. Tulipitia mji mtakatifu wa Kashi kwanza. Kwenye foleni ya hekalu Mama alisukumwa mpaka shada la maua alilomnunulia mungu Shiva likakatika, naye akacheka kama msichana. Sijamwona akicheka hivyo tangu msiba. Ningekusimulia mengine ya Kashi, lakini hustahili.

Gaya sasa. Ulituambia tusikuhangaishe na safari, utashiriki kwa simu, siku hizi wote wanafanya hivyo. Sawa. Tuliketi kwenye mchanga wa mto Phalgu asubuhi na mapema, watu wamejaa pande zote na matonge yao ya wali na ufuta. Kuhani aliiegemeza simu kwenye chungu cha shaba. Ukatokea. Kaka, ulikuwa ndani ya gari! Ulikuwa umevaa kitambulisho cha kazini shingoni, na mkononi una kikombe cha kahawa. Mama alijaribu kuifuta simu kwa ncha ya sari yake, akidhani ni uchafu wa kioo unaomwonyesha hayo.

Kuhani akakuuliza jina la Baba, ukataja. Jina la babu, ukataja baada ya kufikiri. Akakuuliza ukoo. Ukajibu haraka haraka, Bharadwaja.

Bharadwaja! Sisi tangu lini? Sisi ni Kaundinya, mtoto wa miaka mitano nyumbani kwetu analijua hilo kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati. Bharadwaja ni ukoo wa baba yake Revathi. Yule kuhani, ambaye Mjomba alishamwandikia kila kitu tangu jana yake, aliinua uso akasema, "Bwana wee, hili tonge unalipeleka nyumba nyingine. Mzee wako atabaki na njaa, wale wa kwa mkeo wavimbiwe."

Watu walicheka, Kaka. Wageni wa kutoka kila pembe ya nchi hii walimcheka Baba yetu. Na wewe ukasema, "Samahani, nimechanganya, tuanze upya upesi, nina kikao."

Mama aliichukua simu, akailaza kifudifudi kwenye mchanga. Ulidhani mtandao umekatika. Haukukatika. Ulikatwa.

Akasema, "Kamakshi, kaa hapa."

Mjomba akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Dada, una wazimu? Huyu ni mwanamke! Tena ameolewa, si wa ukoo huu tena. Mimi nipo hapa, nipeni nifanye."

Unamjua Mama, kwa mwaka mzima husikii akipandisha sauti. Siku ile alimgeukia kaka yake mbele ya watu. "Huyu unayesema ameolewa anaukumbuka ukoo wa baba yake. Yule ambaye hakuolewa ndiye aliyehamia kwa wakwe. Sasa nani hapa ni bibi harusi?"

Mjomba akanipisha nikae. Nikamuuliza kuhani kama ananikataa. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye, maana hapo hapo kwenye mchanga huo ndipo Sita, yule malkia wa hadithi zetu takatifu, alipomtolea marehemu baba mkwe wake tonge la mchanga mtupu, mumewe alipochelewa kurudi na wali, na likapokelewa. Kuhani hakubisha. Alinivisha pete ya nyasi kidoleni, akaniambia nisilie juu ya chakula cha Baba. Nililia. Nilitaja majina yote, na ukoo wetu niliutaja kwa sauti ambayo hata wale waliocheka walisikia.

Tangu siku hiyo Mama hajamwota Baba mlangoni. Analala mpaka jua linatoka. Kwa hiyo usijitese tena na ile ahadi, imekwisha, nimeifanya mimi.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Baada ya matonge tulikwenda kwenye mkuyu mtakatifu. Unajua desturi yake, unaacha chini yake chakula kimoja unachokipenda sana, hukionji tena mpaka unakufa. Mimi niliacha mapera. Mjomba aliacha viazi, na tangu arudi ananuna kila akikaa mezani. Mama alipoulizwa, akasema, "Biringani."

Kaka, Mama hajawahi kula biringani kwa hiari yake. Nikamnong'oneza, "Mama, unamdanganya Mungu mbele ya kuhani wake? Si fenesi unalolipenda?"

Akanijibu bila haya, "Fenesi siachi. Sundar akija, atakula na nani?"

Nilimkasirikia kuliko ninavyokukasirikia wewe. Miaka miwili humtokei, na yeye bado anakuwekea nafasi kwenye mkeka, mafuta ya nazi mikononi ili utomvu usimnate, tayari kukupasulia fenesi. Mafenesi yanaiva mwezi wa Mei. Baba ameshakula, hakuhitaji tena. Mwenye kukuhitaji yuko hai, na magoti yake yanazidi kuchoka. Usipokuja Mei, nitambeba mgongoni nimrudishe Gaya, nimkalishe chini ya mkuyu ule ule, na safari hiyo cha kuacha nitamchagulia mimi.

Msalimie wifi, mwambie yeye sina ugomvi naye, na wazazi wake wapewe heshima zetu. Mbusu Mithila, umfundishe ukoo wake. Mjomba anakusalimu, mkewe pia. Mama anakutumia baraka zake zote. Nilimwambia akubakizie nusu, amekataa.

Mungu akulinde njiani, maana natumaini utakuwa njiani.

Ni mdogo wako, anayekupenda leo kwa kusaga meno,
Kamakshi