Mkia wa Tarumbeta

Kurunegala,
Jumatatu asubuhi

…na ulipokata simu, Baba, nilikuwa nimefika pale pa kukwambia kwamba macho ya mume wangu ni mazima kuliko yangu na yako. Karatasi haikatwi kama simu, kwa hiyo naendelea hapo hapo.

Ila kwanza nikusalimu kama mlivyonilea. Shikamoo Baba. Ujue nimeinama miguuni pako kama nilivyokuwa nikiinama kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Mgongo wako unaendeleaje? Mama bado anakukanda kwa yale mafuta yanayonuka mpaka kwa jirani? Mwambie nampenda, na kwamba wali wangu wa nazi sasa unakatika vipande vizuri bila kubomoka. Sisi huku ni wazima, mvua inanyesha kila alasiri, na mimi, Baba, nina furaha mpaka naona aibu. Naamka namkuta Dimantha ameshanipigia pasi sari. Anapiga pasi kama anavyofanya kila kitu, taratibu, bila kukosea mkunjo. Akitoka kwenda uwanjani kuamua mechi za kriketi na kofia yake nyeupe, nasimama getini mpaka apotelee kwenye kona, halafu nabaki nimesimama bila sababu. Anahesabu mipira ya kila zamu, sita sita, kwa mbegu sita nyekundu mfukoni. Tangu tuoane, mbegu moja ameitoa, na mahali pake pana shanga ya mkufu wangu wa harusi. Niambie, mwanamume wa namna hiyo mtu anampata wapi tena?

Najua utasema nimelewa mapenzi. Sawa, nimelewa. Lakini wanaomhukumu mume wangu wamelewa nini?

Nianze na kinyozi Wimalaratne, rafiki yako, mpiga ngoma wa bendi yenu ya kushangilia uwanjani. Mama aliniambia kwamba bado anatangaza dukani kwake kuwa mkwe wako hajui mstari ulionyooka. Wimalaratne huyo! Mtu aliyewaacha nusu ya wanaume wa mtaa wetu na sharafa moja juu na nyingine chini! Halafu kuna huyu shangazi yake Dimantha, Seelawathi, anayekuja kunywa chai yetu na kula sukari guru yetu huku akisema kwamba waamuzi wa kimataifa siku hizi ni wa kuokotwa. Hawezi kuamua kama samaki ameoza mpaka paka amkatae, lakini mguu wa mpigaji uliozuia mpira mbele ya wiketi, vile vijiti vitatu, anauamua akiwa jikoni, akisikiliza redio. Na yule mchambuzi wa televisheni mwenye tai ya zambarau ndiye simwezi kabisa. Anaonyeshwa mpira uleule kutoka kila pembe, polepole, mpaka nzi anayepita anaonekana mabawa, kisha anavuta pumzi na kusema kwamba hata mtoto angeona. Alipokuwa akicheza yeye mwenyewe, aligusa mpira kwa ukingo wa gongo mara ngapi akabaki amesimama badala ya kutoka, akitazama mawingu?

Wabaya zaidi ni wale wanaotoa alama. Usidhani mwamuzi anaulizwa kwa heshima. Wanakaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, wanampa asilimia kama mtoto wa darasa la tatu, wanampandisha, wanamshusha, na hakuna hata mmoja anayeweza kusimama juani siku nzima bila kutafuta choo. Dimantha ananiambia nisiseme hivyo. Tukitazama mechi za ng'ambo mimi nawacheka waamuzi wao: huyu mrefu ananyanyua kidole kama mtu anayejaribu upepo, yule mnene anangoja wachezaji wapige kelele zaidi ndipo aamue. Yeye anawatetea wote. Ananiambia nitazame miguu yao kama imetulia, na kichwa kama kimenyooka, na kama uso unabaki vilevile baada ya kukosea. Ananiambia mwamuzi mzuri anajulikana kwa mpira unaofuata. Mimi nadharau kwa niaba yake, Baba, maana yeye hajui kudharau.

Kuhusu macho: umesahau nilikokuwa nikifanya kazi? Mimi ndiye niliyempokea kwenye duka la miwani alipokuja kupimwa kabla ya msimu. Alisoma herufi zote mpaka mstari wa mwisho, kisha akasoma na jina la kiwanda kilichochapa lile bango, ambalo mimi nilikuwa sijawahi kuliona. Nilicheka, akaona haya, na hivyo ndivyo tulivyoanza. Kwa hiyo bendi yenu ilipotunga ule wimbo wa kumpelekea miwani, nilijua kwamba nchi nzima inaimba ujinga.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Najua huipendi.

Wakati ule ulikuwa umeshamkubali. Alikuja nyumbani na mama yake, ukamketisha kwenye kiti chako, akala wali wa nazi wa Mama mpaka Mama akaona raha, na baada ya chai ukashusha tarumbeta ukutani ukampigia. Ulimpigia hata ule mkia wako, zile noti tatu unazoziongeza mwishoni wenzako wote wakiwa wamenyamaza, umefumba macho, ya mwisho unaivuta mpaka mishipa ya shingo inatoka. Hakuna mtu mwingine anayemaliza hivyo. Nilikuona ulivyofurahi alipoomba urudie.

Halafu ikaja ile mechi. Wageni walibakiwa na mpigaji mmoja, sisi tulikuwa tumeshamaliza rufaa zetu za kutaka picha irudiwe kwa upuuzi wa nahodha, mpira ukapita karibu na gongo ukadakwa; kama uliligusa, mpigaji ametoka. Uwanja mzima uliruka. Dimantha alisimama, akafikiri, akatikisa kichwa. Mpigaji akabaki, wakashinda. Jioni ile televisheni ikaonyesha mawimbi ya sauti, kamstari kadogo pale mpira ulipopita gongo, wakasema umeligusa, na kuanzia hapo mume wangu akawa kipofu, kiziwi, na kwa maneno ya Wimalaratne, amenunuliwa. Ukasema hutampa mkono mtu aliyeiuza nchi mbele ya bendi yako. Ukatuma neno kwamba kama nitaolewa naye, niolewe bila wewe. Siku ya harusi mjomba ndiye aliyetufunga vidole kwa uzi na kutumwagia maji mahali pako. Nilitabasamu kwenye picha zote, lakini ukizitazama utaona kwamba kila picha natazama mlangoni. Na wao wenye kiyoyozi wakamwondoa kwenye orodha ya mechi za kimataifa. Sasa anasimamia watoto wa shule.

Sikuwahi kumuuliza. Nilifikiri alikosea, kama kila mtu anavyokosea, na nikampenda na kosa lake.

Jana Jumapili televisheni iliirudia mechi ile. Shangazi Seelawathi alizuiwa na mvua, namshukuru Mungu wa mvua, kwa hiyo nikakaa peke yangu. Dimantha alikuwa jikoni anakuna nazi. Yeye mechi ile haitazami. Mara zote nilizowahi kuiona, kulikuwa na mtu anapiga kelele. Safari hii nilipandisha sauti kushinda mvua. Mrushaji akaanza kukimbia. Bendi ikanyamaza, kama inavyotakiwa inyamaze mrushaji akianza. Na ndani ya ule ukimya, Baba, nikausikia mkia. Noti ya kwanza, ya pili, na ile ya tatu ndefu, na mpira ukapita gongo ndani yake.

Nimeusikia mkia ule tangu nikiwa mgongoni kwa Mama. Siwezi kukosea.

Nilikwenda jikoni. Nadhani uso wangu ulisema, maana aliacha kukuna. Nikamuuliza kama alijua kwamba ulikuwa mkia wako. Akasema kwamba alijua palepale, katikati ya uwanja. Alitega sikio asikie gongo, akamsikia baba mkwe wake. Uwanja umejaa watu mpaka kwenye kingo za nyasi, na mume wangu alikusikia wewe tu. Na mwamuzi hamtoi mtu kwa sauti ambayo hakuisikia.

Nilimpigia kelele, Baba. Nilimwambia kwamba angeandika mstari mmoja tu kwenye taarifa yake angepona. Akasema ndiyo, yeye angepona, na bendi ingenyang'anywa kibali. Bendi ikipuliza mrushaji anakimbia, inafukuzwa uwanjani, wala hakuna wa kuitetea. Akasema mzee aliyempigia tarumbeta baada ya chai hawezi kumfungia mlango wa uwanja. Msimamizi wa mechi alipomuuliza, alisema hana la kuongeza. Kisha akarudi kukuna nazi, akaniomba nisikwambie kamwe. Nikamwahidi.

Ndiyo ahadi ya kwanza ninayoivunja katika ndoa yangu, na nimeivunja kwa siku moja. Hajui kwamba naandika. Wataalamu wote wale, na mashine zao, na tai zao, na asilimia zao, walitazama mpira ule mwaka mzima, asisikie hata mmoja wao. Wewe sikudharau, Baba. Ulikuwa umefumba macho, na hukujua. Sasa unajua.

Sitaki umwombe radhi. Atakufa kwa haya, na nitakuwa mjane kabla sijamaliza kufungua vyombo vya harusi. Wala usiache kupuliza. Wimalaratne mwambie utakalo, au usimwambie, mradi aufute ule wimbo wa miwani. Nataka jambo moja tu. Tukija huko, Dimantha ataleta kitita cha majani ya tambuu ya heshima na atainama miguuni pako kama mkwe. Kama utamnyooshea mkono, usingoje afike mlangoni, maana njia nzima atakuwa anaogopa. Tukishuka kwenye basi pale darajani, puliza ule mkia. Hakuna mrushaji anayekimbia, hakuna mpigaji, hakuna wa kutoa alama. Ivute ile noti ya tatu mpaka pumzi iishe. Sauti yako anaijua.

Mama mpe salamu zangu nyingi, na mgongo usiuchoshe kwa kubeba viti kwa ajili yetu, tutakaa hata kwenye mkeka. Mvua au jua, tutakuja siku ya mwezi mpevu, kabla mwezi huu haujaisha.

Binti yako akupendaye,
Uthpala