Bosi Kachana Tangazo la Namba

Zuleha, nimechoka na huyu bosi wangu! Si unakumbuka lile tangazo tulilolazimishwa kubandika hapa gesti, lenye namba ya kuripoti usafirishaji wa watu? Jana kalichana. Eti linafukuza wateja. Kalichana!

Leo asubuhi mgeni wetu mmoja, mama anaitwa Josephine, kaja kaunta. "Dada, ile namba iliyokuwa ukutani iko wapi?" Wakala aliyemuahidi kazi ya upishi Uarabuni kamnyang'anya simu na pasipoti, na basi lao ni saa nne.

Namba yenyewe sikuwa nayo kichwani. Shoga, niliona aibu!

Nikakimbia duka la dawa jirani, wao bado wanalo tangazo lao. Nikapiga palepale. Kurudi gesti, wakala keshaondoka na Josephine. Polisi wamewakuta stendi, wakala keshamshika mama wa watu mkono anampandisha basi.

Yuko salama, wamempeleka ustawi wa jamii.

Sasa bosi ananifokea mimi! "Umeniletea polisi kwenye biashara yangu!" Nikamwambia, "Ulilichana, Mzee Abdulrazaki. Ulilichana." Kaingia ofisini, kajifungia.

Nimeiandika namba ukutani kwa maka peni, kubwa. Akitaka anifukuze.