Mazishi ya Mdoli

Jumanne, Mau Narok

Wazazi wameshinda. Kona ya michezo pale nasari imefungwa, na kuanzia kesho watoto wa miaka minne watakaa wakinakili a, e, i, o, u kama makarani wa chifu.

Kisa ni mjukuu wangu Nyambura. Tangu tumzike mama yake hakuwahi kumtaja, hata kwangu mimi guka yake. Juzi darasani akamlaza mdoli kwenye katoni, akasema, "Mama, lala," akawagawia wenzake mchanga watupe. Mwalimu aliwaacha wamalize.

Leo mkutanoni mama mmoja wa kanisa akasimama. "Mwalimu, tumekuandika ufundishe watoto wetu kuzika watu?"

Nikamwambia, "Mama, wewe utotoni ukicheza kalongolongo, ile ya baba na mama, uliolewa kila siku na bwana mwingine. Mbona hatujakutoa kwa kwaya?"

Walicheka sana. Kura ilipopigwa, mkono wangu ulikuwa peke yake. Mwalimu hakuinua macho.

Jioni Nyambura akauliza mdoli yuko wapi. Nikamwambia wamemfungia ofisini. Akanipima kwa macho kama fundi wa majeneza.

"Guka, lala hapa."

Kwetu mzee halazwi hivyo akiwa hai, ni kujiitia kifo. Na kwa umri wangu hakihitaji kuitwa mara mbili. Lakini bila mdoli, mtoto angemwambia nani ya moyoni?

Nikalala. Akanifunika leso, akanitupia mchanga kifuani.

"Mama, nilikuletea chai. Nilikuita, nikakuita, ukakataa kuamka."

Kumbe alikuwa peke yake na mama yake asubuhi ile ya kifo. Hatukujua.

Nilibaki nimefumba macho mpaka akamaliza.