Jina la Kwanza Kwenye Daftari Langu

Jumanne, 14 Julai. Asubuhi ukungu mzito, baridi ya kukata masikio. Upepo wa Makambako umetulia kidogo.

Nimegundua kosa langu. Nililiandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Tangu nitolewe kazi ya uchapaji pale steshenari, miezi minane sasa, nina daftari la watu wa huku wanaosema kazi zao zimechukuliwa na akili mnemba. Kila jina linahitaji tiki tatu: ya aliyeachishwa, ya aliyemwachisha, na ya mtu aliyebaki ndani. Maneno ya stendi siandiki. Wengi nimewafuta. Mlinzi mmoja alisingizia kamera, kumbe alikutwa amelala.

Leo nilikwenda Njombe kwa ajili ya Mama Tuma, aliyekuwa akichambua maparachichi kwenye ghala la kufungashia. Yeye na mwenzake aliyebaki walishasema. Ilibaki tiki ya msimamizi aliyewaachisha.

"Kamwene, dada," akanisalimia. "Umetumwa na serikali?"

"Nimejituma."

Akacheka, akanionyesha. Mkanda unapita, kamera inatazama, tunda bovu linasukumwa pembeni. Hapo walikuwa wakisimama wanawake sita.

"Mashine ndiyo iliyowatoa. Andika." Kisha akachungulia daftari. "Na huyu namba moja, Neema, mbona ana tiki moja tu?"

Namba moja ni mimi.

Sikuwahi kumuuliza bosi wangu. Aliniambia siku hizi watu wanaandikiwa barua na akili mnemba kwenye simu, nikaamini, maana kweli wateja walikuwa wanapungua. Hata barua ya kuniachisha niliichapa mimi. "Mabadiliko ya teknolojia." Nikamrekebishia na sentensi mbili.

Baba, kule kijijini Mahongole, ameyasimulia kanisani hadi yamekuwa sifa: mwanangu hakufukuzwa na mtu, ameondolewa na akili mnemba.

Niliposhuka Makambako nilikwenda moja kwa moja steshenari.

Kwenye kiti changu amekaa binti, anachapa barua ya kuomba kiwanja kwa vidole viwili, anatafuta herufi moja moja kama anayechambua mchele. Bosi akasimama haraka.

"Neema! Karibu, karibu. Huyu shemeji yangu, mdogo wake mama watoto."

"Ana muda gani hapa?"

"Ana... muda kidogo."

"Tangu niondoke?"

Akashusha sauti. "Sasa ningekwambiaje, dada yangu? Nyumbani nilikuwa silali. Nikaona nikisema mashine, hutanichukia."

Na kweli sikumchukia. Miezi minane nimemsalimia barabarani, nikamwuliza na hali ya watoto.

Binti alinyanyua uso akaniuliza kama "maombi" na "ombi" ni kitu kimoja. Nikamjibu. Mpaka sasa sijui kwa nini nilimjibu.

Mama Tuma nimempa tiki yake ya tatu. Yeye ni wa kweli. Halafu nikachukua rula, nikapiga mstari juu ya jina langu. Namba za wengine sijazibadilisha. Ile ya kwanza ibaki na mstari wake.

Nililipenda jina langu pale juu. Ilikuwa rahisi kushindwa na kitu ambacho hata mabosi wa Dar wanakiogopa. Kushindwa na vidole viwili vya shemeji wa mtu, hilo nitamwelezaje baba?

Jumamosi nakwenda Mahongole, kabla hajasimama tena mbele za watu Jumapili.

Nalala saa sita kasoro robo.